Nikikuta Mwanamume Chumba cha Kupima Matiti?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja. Mwanamke amefika kupimwa matiti, pazia linafunguliwa, na aliyesimama ndani ni mwanamume. Tumezifupisha barua na kuondoa majina. Majibu ni ya wataalamu wa meza yetu ya afya.

Nina miaka 46. Daktari aliniandikia mamogramu (eksirei ya matiti), nikasafiri mpaka hospitali ya rufaa. Zamu yangu ilipofika nikakuta mpigaji picha ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Nilijifunga kitenge nikaondoka bila kuaga. Je, nilikuwa na haki ya kuomba mwanamke? Na nikirudi, nifanyeje yasinikute tena?
*Mama wa wanne, Tanga*

Haki ya kuomba unayo, mama, na huna haja ya kueleza sababu. Ila ombi hilo linatimizwa au halitimizwi kulingana na nani yuko zamu siku hiyo, kwa hiyo mahali pake ni dirishani unapochukua tarehe. Ukifika mbele ya pazia umechelewa. Yule kijana hata angetaka kukusaidia, mwenzake wa kike huenda alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na nje kulikuwa na benchi limejaa.

Unapopeleka karatasi ya daktari, uliza hivi: "Mamogramu hapa hupigwa na nani, na dada anayepiga yuko zamu siku zipi?" Usiulize "Kuna mwanamke?" Utajibiwa kwamba yupo, na kweli atakuwepo, lakini ni dada wa mapokezi. Ukishapata siku, waombe waandike kwenye karatasi yako na kwenye daftari lao maneno "anaomba mtaalamu wa kike". Chukua namba ya simu ya kitengo cha mionzi chenyewe, si ya mapokezi makuu, upige siku moja kabla ya kusafiri, kwa sababu zamu hubadilishwa na hakuna anayekumbuka kumwarifu mgonjwa. Kama bado unapata hedhi, omba tarehe iangukie kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu damu ilipoanza. Siku hizo matiti hayajajaa, na maumivu huwa madogo.

Ukifika na ukakuta mambo yamegeuka, sema kwa mpangilio huu: naomba dada, kama leo hayupo, naomba tarehe ambayo yupo, kama kituo hakina kabisa, naomba muuguzi wa kike asimame nami mwanzo hadi mwisho. Kisha hakikisha faili lako limeandikwa "ameomba kubadilishiwa tarehe". Mara nyingi huandikwa "amekataa kipimo", na daktari anayelisoma faili miezi sita baadaye anaelewa kwamba hukutaka huduma. Hakuna atakayekutafuta.

Kwa nini lazima mtu anishike? Eksirei ya kifua nilisimama tu mbele ya ubao, nikavuta pumzi, basi.
*Msomaji, Morogoro*

Kifua hakikunjiki, titi linakunjika. Mashine ya mamogramu ina meza ndogo ya kupokea picha, na juu yake kuna kibao cha plastiki angavu kinachoshuka. Titi likiachwa lilale lenyewe juu ya meza, sehemu yake ya nyuma, iliyo karibu na mbavu, hubaki nje ya picha, na tabaka zake hulaliana kiasi kwamba uvimbe mdogo unajificha katikati. Kwa hiyo mpimaji huliinua titi kutoka kwenye mkunjo wa chini, hulivuta mbele kwa kiganja, hulilaza mezani na kulishikilia hapo huku kibao kikishuka. Kadiri kibao kinavyokamata, ndivyo anavyouchomoa mkono wake kuelekea mbele, taratibu. Akiuchomoa mapema titi hurudi nyuma, na kazi inaanza upya. Mkono wake mwingine huwa begani au mgongoni kwako, kukuzuia usirudi nyuma bila kujua. Kila mtu hurudi nyuma.

Picha ni 4, mbili kwa kila titi. Moja hupigwa kutoka juu kwenda chini. Nyingine ni ya mshazari, inachukua titi pamoja na kwapa, na hiyo ndiyo inayowatatiza wengi wakiwa na mpimaji wa kiume: pembe ya meza inaingia kwapani, mkono wako unawekwa kwenye mpini, na yeye anasimama karibu sana ili apanyooshe pale penye mikunjo. Kibao hukandamiza kwa nguvu inayofanana na uzito wa kilo 10 hadi 15 hivi, kwa sekunde chache, kisha hujiachia chenyewe. Wakati wa kupiga picha yenyewe mpimaji hayuko nawe, yuko nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, kinachozuia mionzi. Kipimo kizima ni kama dakika 15 hadi 20. Mkono wake kuwa mwilini mwako ni sekunde tu kwa kila picha.

Sasa kuna jambo ambalo akina mama hawaambiwi: aibu inaonekana kwenye picha. Katika picha nzuri ya mshazari, msuli wa kifua huonekana umeshuka, umelegea, hadi usawa wa chuchu. Mwanamke aliyekaza bega, au aliyeshikilia nguo kwa mkono wa pili ili asionekane, msuli wake hukakamaa na kulivuta titi nyuma. Kinachokatwa ni sehemu ya juu ya nje, upande wa kwapa, na karibu nusu ya saratani za matiti huanzia huko. Mpimaji ana mawili: akubali picha pungufu, au arudie, na kurudia ni kushikwa tena na kupigwa mionzi tena. Ndiyo maana sisi hatuwaambii wanawake "vumilia tu". Asiye na dalili yoyote, na anayejijua kwamba hatalegea mbele ya mwanamume, ni afadhali angoje wiki tatu apate dada kuliko aondoke leo na picha pungufu yenye majibu ya kumtuliza.

Kushikwa kunaweza kupunguzwa. Mwambie mpimaji akuelekeze kwanza kwa maneno, kisha wewe mwenyewe uinue titi na kuliweka mezani. Yeye atasahihisha tu. Vaa blauzi na sketi, au blauzi na kitenge. Ukija na dera utalazimika kulivua lote. Ushungi unaweza kubaki kichwani, ila ncha zake zifungwe nyuma zisining'inie juu ya meza, na pini na mkufu vitolewe. Asubuhi hiyo usipake dawa ya kwapa, poda wala losheni kifuani, kwa sababu chembe za alumini na zinki huonekana kwenye picha kama chembe za chokaa ambazo daktari huzitafuta kama dalili ya saratani. Picha itarudiwa, na wewe utashikwa tena kwa kosa la poda.

Aliye chini ya miaka 40 aulize kwanza kama kweli anahitaji mamogramu. Titi la msichana limeshikana, kwenye picha ya mionzi hutoka jeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Kwa umri huo mara nyingi huanza utrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti.

Mume wangu anasema ni haramu mwanamume asiye maharimu (ndugu wa karibu asiyeweza kunioa) kunigusa huko, hata akiwa daktari. Mashekhe nao nawasikia wakitofautiana. Mnasemaje?
*Bi. mmoja, Unguja*

Fatwa si kazi yetu, ila kuna uamuzi mmoja ambao mumeo anaweza kumpelekea shekhe anayemwamini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Brunei mwezi Juni 1993 na kupitisha azimio namba 81 kuhusu suala hilihili. Lilipanga daraja. Mwanamke mgonjwa atazamwe na daktari mwanamke Mwislamu. Asipopatikana, mwanamke asiye Mwislamu anayeaminika. Asipopatikana, mwanamume Mwislamu. Asipopatikana, mwanamume asiye Mwislamu. Na mwanamume akifikiwa, kuna masharti: atazame kiasi tu kinachohitajika kwa kutambua na kutibu maradhi, ainamishe macho kadiri awezavyo, na awepo maharimu, mume au mwanamke mwaminifu ili pasiwe na faragha ya wawili.

Utaona kwamba masharti hayo yanafanana sana na kanuni za hospitali yoyote inayojiheshimu: kufunua upande mmoja tu kwa wakati, na kuwepo mtu wa tatu. Kwa hiyo ukiomba muuguzi wa kike asimame, hakuna anayepaswa kukuona mgumu.

Neno "asipopatikana" ndilo lenye uzito, na hapo hali zinatofautiana. Anayekwenda kuchunguzwa tu bila dalili ana nafasi ya kutafuta dada hata kwa kuvuka kwenda Dar es Salaam, na mwezi mmoja au miwili haimdhuru. Aliyeshika uvimbe hana nafasi hiyo. Kanuni mashekhe waijua: dharura huhalalisha kilichokatazwa, na dharura hupimwa kwa kadiri yake.

Mimi ni mtaalamu wa mionzi, mwanamume. Kituo chetu hakina mwanamke aliyefunzwa mamogramu. Akina mama wengine wakiniona mlangoni hugeuza. Naumia, kwa sababu najua kazi yangu. Nifanye nini?
*Msomaji, Mwanza*

Asante kwa kuandika, kaka. Wanaokukimbia hawajaiona kazi yako bado. Wameona mlango tu. Kwa hiyo shughulikia zile dakika tatu kabla ya kitenge kuvuliwa, hapo ndipo wengi huamua.

Jitambulishe kwake akiwa amevaa nguo zake zote, na amekaa. Taja jina, kazi, na kwamba ni wewe utakayepiga. Usimwache agundue akiwa kifua wazi. Mweleze kwamba utalazimika kushika titi, kwa nini, na mara ngapi. Kisha uliza, "Je, uko radhi niendelee, au ungependa tarehe nyingine?" na unyamaze. Akisema "sawa tu" huku anaangalia sakafu, hiyo si sawa. Uliza mara ya pili, au mwombe muuguzi azungumze naye peke yake.

Muuguzi wa kike awepo kwa kila mgonjwa, si kwa wanaolalamika tu. Ukimwita kwa wachache inaonekana kama umeshtakiwa. Asimame pale anapoweza kuona mikono yako. Anayesimama nyuma ya pazia akichezea simu hamsaidii mgonjwa wala wewe. Unapopiga picha, mje wote nyuma ya kioo. Jina lake liandikwe kwenye rekodi pamoja na saa. Kama ni mjamzito, aitwe mwingine.

Toka chumbani mgonjwa anapovua. Mpe kanga safi au joho linalofunguka mbele, na ufunue titi moja tu. Ukimaliza upande huo lifunike kabla ya kugusa upande wa pili. Pasha mikono joto, kata kucha. Sema kabla ya kugusa, kila mara: "Sasa naweka mkono chini ya titi la kulia, nalivuta mbele." Tumia kiganja kilichonyooka, na inapowezekana mgongo wa mkono, ncha za vidole ndizo zinazoleta hisia ya kupapaswa. Simama ubavuni, usisimame uso kwa uso. Macho yako yawe kwenye titi linalopangwa na kwenye kibao. Mwambie mapema kwamba akisema "basi" utaachia, na akisema, achia kweli, kisha muulize kama mwendelee.

Maneno nayo. Muite "mama", "dada" au "bibi" kulingana na umri. Usimwite "mpenzi" wala "mrembo", hata kama kwenu hospitalini ni mazoea. Usitoe maoni yoyote juu ya mwili, hata ya kusifu, hata ya kitaalamu yasiyo ya lazima kama "una matiti makubwa, tutahangaika". Mlango ufungwe asiingie mtu, lakini usikomewe kwa funguo. Wanafunzi waombewe ruhusa kabla ya mgonjwa kuvua, na waombewe nje, mahali ambapo wao hawasikii jibu.

Pamoja na hayo yote, wapo watakaogeuza. Hao waandikie rufaa ya kituo chenye mwanamke, na usichukulie kwamba umedharauliwa. Na usisitizie uongozi umsomeshe dada mmoja, maana kupanga titi ni ujuzi wa mikono unaofundishwa. Muuguzi hawezi kukupangia huku wewe ukibonyeza kitufe, ingawa vituo vingine hujaribu hivyo na kuishia na picha zilizokatwa.

Nilishika kigololi titi la kushoto mwezi wa tatu. Kliniki wapo madaktari wanaume tu. Nangoja daktari wa kike anayekuja mara moja kwa miezi kadhaa. Hakiumi, kwa hiyo nadhani si kibaya.
*Msomaji, Kilifi*

Dada, usingoje tena. Kutouma hakumaanishi si kibaya; vivimbe vingi vya saratani ya titi mwanzoni haviumi kabisa. Nenda wiki hii, kwa daktari yeyote aliyepo, na uende na shangazi, dada au rafiki wa kukaa nawe chumbani. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mwanamke aliyefika kituoni na dalili awe amepata majibu kamili ndani ya siku 60. Wewe hesabu yako hata haijaanza, kwa sababu hujafika.

Ili usishtuke, daktari anachofanya ni hiki. Kwanza hutazama tu, bila kugusa, ukiwa umekaa: mikono ikiwa imelegea, kisha ikiwa juu, kisha imeshika kiuno na kukaza. Anatafuta ngozi iliyovutwa ndani, yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka au kuingia ndani. Halafu unalala, mkono nyuma ya kichwa, na anapapasa kwa sehemu laini ya vidole vitatu vya kati, kwa viduara vidogo, akipanda na kushuka kwa mistari kuanzia mfupa wa mtulinga hadi chini ya mkunjo wa titi. Hukandamiza kidogo, kisha wastani, kisha kwa nguvu hadi usikie mbavu. Atapima kwapa zote mbili na juu ya mtulinga, kutafuta tezi zilizovimba. Atapima titi la pili pia hata kama halina kitu, kwa kulinganisha. Hilo usilione kama ziada. Dakika kadhaa kila upande ni kawaida, na anayemaliza kwa sekunde 20 hajapima.

Baada ya hapo huenda ikafuata utrasaundi, ambapo hupakwa jeli ya baridi na kupitishwa kifaa juu ya ngozi, na pengine kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano baada ya ganzi. Kwenye utrasaundi mpimaji hukaa kando yako muda wote, hakuna kioo cha kwenda nyuma yake. Wanawake wengine waliojiandaa kwa mamogramu tu hushtuka hapo. Omba taulo ya kufunika titi lisilopimwa.

Ukiona kwamba kwa mwanamume huwezi kabisa, jaribu kumwomba muuguzi au mkunga wa kike wa kituo cha karibu aanze kukupima na kukuandikia rufaa ya haraka. Njia hiyo ni bora mara mia kuliko kungoja mgeni wa miezi kadhaa.

Mama yangu amekuja kuishi nami Leicester, ana miaka 58, na amepokea barua ya kwenda kupigwa picha ya matiti kwenye gari la kliniki. Kiingereza hajui, na ameapa haendi kama kuna mwanamume.
*Binti, Uingereza*

Mwambie aende kwa amani. Katika mpango wa uchunguzi wa matiti wa huduma ya afya ya umma ya Uingereza wanaopiga mamogramu ni wanawake, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaruhusu kazi kutengewa jinsia moja pale faragha inapodai hivyo. Baadhi ya wanataaluma huko wamekuwa wakijadili kama wanaume waruhusiwe, kwa sababu wapimaji ni wachache. Nchi nyingine zimepanga vingine. Ufaransa, kwa mfano, huwaita wanawake wa miaka 50 hadi 74 kila baada ya miaka 2, na wapimaji wa kiume wapo.

Anaitwa kwa sababu amesajiliwa kwa daktari wa familia. Barua zitakuja kila miaka 3 mpaka atakapofikisha 71. Baada ya hapo anaweza kuomba mwenyewe. Piga namba iliyo kwenye barua, uombe mkalimani wa Kiswahili, na useme mkalimani awe mwanamke, maana hilo wengi husahau. Wewe binti usitafsiri kama mama ana jambo la kificho, mathalani majimaji yanayotoka chuchuni. Atalificha mbele yako.

Majibu kwa kawaida huja ndani ya wiki 2. Kati ya wanawake 100 wanaopigwa picha, kama 4 huitwa tena kwa vipimo zaidi, na kati ya hao 4 mmoja tu hivi hukutwa na saratani. Akiitwa tena, hapo kliniki anaweza kukutana na daktari mwanamume, kwa hiyo ombi la daktari wa kike lirudiwe kwa simu mara tu barua ya pili inapofika. Lile la mwanzo halimfuati.

Nawezaje kujua kama mwanamume aliyenipima alifanya kazi au alinichezea? Nilitoka na wasiwasi, lakini sikuwa na uhakika na sikusema.
*Msomaji, Nairobi*

Pole sana, dada. Wasiwasi wako unastahili kusikilizwa hata kama huna ushahidi, na kuuliza si kumsingizia mtu.

Yaliyo ya kawaida: kupimwa matiti yote mawili na kwapa zote mbili, chuchu kuminywa kidogo kama umesema inatoa majimaji, titi kuvutwa na kubanwa kwa nguvu kwenye mamogramu, picha kurudiwa, kwa maelezo. Glavu huweza kuvaliwa au isivaliwe kama ngozi haina kidonda, kwa hiyo kukosekana kwake pekee hakuthibitishi kitu.

Yasiyo ya kawaida: kuambiwa uvue chini ya kiuno kwa kipimo cha matiti. Kubaki kifua wazi huku mkizungumza mambo mengine. Kurudia kupapasa baada ya picha kupigwa, bila kueleza anatafuta nini. Kukuuliza kuhusu mume au mapenzi bila uhusiano na dalili zako. Kukataa muuguzi asiingie. Kukupiga picha kwa simu yake, hata akisema ni ya kumwonyesha daktari bingwa. Kukutafuta baadaye kwa namba aliyoichukua kwenye faili.

Andika leo unachokumbuka: tarehe, saa, chumba, jina lililokuwa kwenye beji, nani mwingine alikuwepo, maneno aliyosema kama alivyoyasema. Kumbukumbu hupungua upesi. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa msimamizi wa kituo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kenya ina mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unaotaja haki ya kulalamika, utaje kwenye barua yako. Usipojibiwa, nenda kwenye baraza linalosimamia taaluma yake: madaktari wana lao, matabibu wana lao, wauguzi wana lao, na kwa wa mionzi uliza nani anawasimamia. Ukikosea baraza, barua yako itazunguka miezi. Kwa hiyo anza kwa kuuliza mapokezi yule alikuwa na cheo gani hasa, kwani koti jeupe huvaliwa na wote. Kama ulichofanyiwa ni shambulio, polisi hawangoji baraza.

Mume wangu anataka kuingia nami chumba cha mamogramu. Anaruhusiwa?
*Msomaji, Dodoma*

Baadhi ya vituo vitamruhusu mpaka pale unapovua na kupangwa, kisha wakati wa picha asimame nyuma ya kioo pamoja na mpimaji. Vingine havimruhusu kabisa kwa sababu ya mionzi au kwa sababu chumba cha pili cha kubadilishia nguo kina mwanamke mwingine. Uliza siku ya kuchukua tarehe. Na jiulize wewe kwanza kama unamtaka ndani: kuna wanaume ambao mke hukaza bega zaidi wao wakiwepo. Kama wako ni wa namna hiyo, mtume akafuatilie risiti.